Mtoto wa jirani ana tundu kwenye moyo, tumechanga tumeishia laki saba. Pesa za watoto hawa zinapatikana wapi?

#1 Kobe wa Rangi Tatu
Habari wana jukwaa, nafupisha.

Mtaani kwetu Mbagala kuna binti wa mwaka mmoja na nusu. Tangu kichanga akinyonya anatoka jasho kichwani kama kamwagiwa maji, anahema juujuu, uzito haupandi. Walikuwa wanatibu nimonia tu, mara ya nne sasa. Juzi daktari mmoja akasikiliza kifua akastuka, akaandika kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonekana moyo una tundu. Mama anauza vitumbua, baba saidia fundi. Kuna mjuaji mtaani kawaambia hiyo dawa yake India, andaeni milioni ishirini.

Mimi nimeteuliwa mhazini bila kugombea. Kundi la WhatsApp lina watu 143, siku kumi na moja zimepita, tumepata 712,500. Hiyo mia tano ya mwisho sijui nani kaituma na alikuwa na maana gani.

Maswali mawili. Moja, pesa za watoto wanaoumwa sana hapa Dar zinapatikana wapi zaidi ya kwenye simu za masikini wenzao? Pili, mbona picha ya mtoto mmoja inachangiwa lakini sijawahi kuona mtu anachangia utafiti ili watoto wa kesho wasifike huko? Au utafiti kazi ya Wazungu?

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje wajuvi. Nimekaa pale nimekunja nne.

#3 Bwashee wa Tandika
Mkuu pole. Ila weka lipa namba hapa tukupe nguvu.

#4 Kobe wa Rangi Tatu
#3 siweki. Nikiweka namba kwenye uzi kesho nitaitwa tapeli. Nataka maarifa, hela tutahangaika nazo.

#5 Sista Mstaafu
Mleta uzi nisome taratibu, nimekaa wodi za watoto miaka mingi.

Simamisha kwanza habari ya India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ipo Upanga, humohumo eneo la Muhimbili, inajitegemea tangu 2015. Watoto wanafanyiwa upasuaji pale: upo wa kufungua kifua, na upo wa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo na kuziba tundu bila kisu kikubwa. Nani anafaa kwa upi, anayejua ni daktari wa moyo wa watoto. Jirani mwenye kelele hajui.

Halafu si kila tundu linapasuliwa. Mengine madogo yanajifunga yenyewe mtoto akikua. Lakini likiwa kubwa na likaachwa, damu inasukumwa kwa nguvu kwenye mapafu usiku na mchana, mishipa ya mapafu inakakamaa, na inafika siku unaambiwa hata ukija na gunia la hela hatuzibi tena, maana kuziba ndiyo kutamuua. Nimeshuhudia baba kauza shamba, kaja na fedha zake kwenye bahasha ya kaki, amechelewa. Alikaa kwenye benchi hadi jioni. Kwa hiyo msichangishe miezi minane ndipo mumwone daktari. Tafuteni rufaa wiki hii, 712,500 zinatosha kuanzia.

Kuhusu kulipa: ukishafungua faili na daktari akaandika kinachotakiwa, nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali. Nenda na barua ya serikali ya mtaa, na uwe tayari kuulizwa maswali ya aibu kidogo, mnakula nini, mnalala wapi, nani anafanya kazi. Wale ndio wanaojua msamaha upo wa kiasi gani na mfadhili gani yupo mwezi huo. Wafadhili wengi wanapitia humo na kwa madaktari. Hawaji Mbagala kutafuta mtoto.

#6 Mzee wa Hoja
Sista kasema kweli, lakini kasahau kusema ofisi za ustawi zinavyokudhalilisha. Mwanangu aliungua maji ya moto, hospitali moja hapa mjini siitaji, afisa akanitazama viatu akaniuliza "na viatu hivi unaomba msamaha?" Viatu nilivaa vya shemeji.

#7 Bwashee wa Tandika
Hahahaa viatu vya shemeji. Pole mzee.

#8 Mama Wawili
Mimi naona shida yote ni bima. Toto Afya Kadi ilikuwa elfu hamsini kwa mwaka, mtoto anatibiwa hadi moyo. Wakaifuta, ndiyo haya ya kuchangishana.

#9 Karani wa Bima
#8 dada yangu, marekebisho madogo. Ilikuwa 50,400, na waliposimamisha usajili wa mtoto mmojammoja mwaka 2023 walisema wasajiliwe kupitia shule. Wakati ule mtoto wa mwaka mmoja na nusu angesajiliwa shule gani? Hapo nakubaliana nawe.

Ila sema na upande wa pili. Bima ni mtungi, wanaochota lazima wawe wachache kuliko wanaomimina. Watu walikuwa wanamkatia mtoto kadi siku daktari anapotaja upasuaji. Aliye mzima hakatiwi, "wangu haumwi". Mtungi gani utajaa hivyo? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita bungeni Novemba 2023 na ndani yake upo mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo. Vyanzo vilivyotajwa vimo vinywaji vyenye gesi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Yaani mkeka wako wa Jumamosi ukichanika unaweza kumtibu mtoto.

#10 Mkeka Tayari
Basi mimi nimeshatibu wodi nzima.

#11 Mama Wawili
#10 nimecheka hadi nimemwaga chai. #9 asante kwa sahihisho, lakini mtungi au ndoo, mtoto hajui. Na sera inasema chini ya miaka mitano matibabu bure vituo vya serikali. Bure hiyo nimeitafuta mwaka juzi nikaambiwa bure ni kumwona daktari, dawa ukanunue duka la nje. Nikanunua na sindano na glovu.

#12 Fundi Saa
Tuseme ukweli, hela zipo. Wiki iliyopita nimetoa laki moja, kadi ya dabo, harusi ya mtu tuliyesoma naye darasa la tano. Kamati ina mwenyekiti, katibu, mhazini, kikao kila Jumapili, na ahadi inafuatiliwa kama deni la benki. Mtoto mgonjwa akitajwa kwenye grupu hilohilo, watu "poleni sana", mikono ya kuomba mia moja, hela elfu tatu.

#13 Anti Zuhura
#12 kwa sababu harusi unakula! Mgonjwa utakula nini?

#14 Fundi Saa
Anti umeniua. Basi wapike pilau la upasuaji.

#15 Anti Zuhura
Usicheke, mtaa wetu wa Magomeni tulifanya hivyohivyo. Kijana wa miaka tisa, uvimbe tumboni upande wa figo. Tukaacha kuombaomba, tukaunda kamati kama ya harusi, kadi za singo elfu ishirini, Jumapili tukapika, tukaweka muziki. Tulivuka lengo! Tatizo likaja baadaye. Matibabu ya saratani Muhimbili wodi ya watoto tukakuta hayadaiwi, hela imebaki, na ugomvi ukaanza: irudishwe? apewe mama? Mhazini akasema kaiweka kwenye VICOBA "ili izae". Haijazaa hadi leo.

#16 Kobe wa Rangi Tatu
#15 Anti nisomee vizuri, hayadaiwi kivipi? Saratani mtoto anatibiwa bure?

#17 Mlezi wa Wodi
Najibu mimi, nimejitolea pale kuchezesha watoto. Ndiyo, wapo Tumaini la Maisha, shirika la hapahapa linaloshirikiana na Muhimbili kwa watoto wenye saratani. Dawa, vipimo, na sehemu ya kulala mzazi na mtoto anayetoka mkoani wakati wa matibabu. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba mtoto wa saratani hauawi na bei ya dawa peke yake. Anauawa na nauli. Mama anatoka Kigoma, matibabu mizunguko kadhaa, miezi. Mzunguko wa pili uvimbe umenywea, mtoto anacheka, mama anaona kapona, nyumbani kuna wengine watatu na shamba, anaondoka. Anarudi uvimbe umerudi na hasira. Mfadhili wa kununua dawa unampata, wa kununua tiketi ya basi na unga wa waliobaki nyumbani humpati, maana hakuna pa kubandika jina lake.

Mleta uzi, laki saba zako msiziite pungufu ya milioni ishirini. Hizo ni nauli, chakula cha mama akiwa wodini, na faida ya vitumbua atakayokosa. Hicho ndicho hospitali haitoi.

#18 Mjomba Kigamboni
Watoto wa saratani si wanakwenda Ocean Road? Au nimekaa sana ng'ambo ya maji?

#19 Mlezi wa Wodi
#18 mjomba zamani ndiyo. Siku hizi wodi yao iko Muhimbili, Ocean Road wanakwenda kwa ajili ya mionzi.

#20 Mchunguzi Huru
Nyie mnaongelea huruma, mimi naongelea utapeli. Picha ya mtoto mwenye uvimbe wa jicho niliiona Facebook akiitwa jina la Kihaya, mwaka uliofuata yuko Kenya jina jingine, juzi tena Mwanza. Jicho lilelile, shuka lilelile la bluu. Watu wameungua ndiyo maana hawatoi. Tibu uaminifu kwanza. Kenya wana mtandao wa kuchangishana wa M-Changa tangu 2012, unaona kila shilingi iliyoingia. GoFundMe inayotajwa na ndugu zetu wa nje, huwezi kuifungulia hapa ukapokea kwa akaunti ya Tanzania, lazima uwe na mtu huko, na huyo mtu naye ana shida zake.

#21 Fundi Saa
#20 mbona harusi wanaliwa kila siku na bado wanatoa? Mhazini wa kamati ya kwetu alinunua bodaboda. Uaminifu siyo jibu lote.

#22 Ustadhi wa Ilala
Asalaam aleikum. Mnahangaika na harusi wakati zaka ipo. Fakiri na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahiki, na mgonjwa asiye na kitu yumo. Tatizo letu tunagawa elfu tanotano mlangoni watu mia mbili wakapange foleni kwenye jua, badala ya kumaliza bili ya mtoto mmoja. Na wakfu je? Babu zetu waliacha nyumba Kariakoo kodi yake iende msikitini. Nani leo anaacha fremu moja kodi yake iende wodi ya watoto?

#23 Mjomba Kigamboni
Ustadhi umegusa penyewe. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London iliachiwa na mwandishi mmoja haki zote za hadithi yake ya watoto, mwaka 1929. Sasa fikiria msanii wetu mmoja tu aandike wimbo fulani mirabaha yake yote Muhimbili.

#24 Bwashee wa Tandika
Mirabaha ya hapa mjomba? Itanunua panadol.

#25 Damu na Darubini
Nilikuwa nasoma kimya, ila swali la pili la mleta uzi halijaguswa, watu mmekimbilia pilau. Nafanya kazi kwenye utafiti, sitasema wapi.

Utafiti wa magonjwa ya watoto hapa siyo wa Wazungu, ila pesa yake kwa sehemu kubwa inatoka kwao, na hivyo ni vitu viwili. Sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mfano. Inakadiriwa watoto 11,000 wanazaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mpango wa Muhimbili ulianza 2004 kwa fedha za Wellcome Trust ya Uingereza, Profesa Julie Makani akiwa kati. Kazi yake kubwa ya mwanzo haikuwa dawa ya ajabu. Ilikuwa daftari: kumsajili mtoto, kumfuatilia kila kliniki, kujua nani anakufa, lini na kwa nini. Bila daftari hilo huwezi kumwambia waziri kwamba penisilini ya kumkinga mtoto na dawa ya hydroxyurea ziwekwe kwenye bajeti. Sasa nani atachangia daftari? Daftari halina macho ya kukutazama kwenye picha. Leo hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza uloto kwa watoto wa sikoseli, kila mtu anapiga picha na mtoto aliyepona, na mimi nafurahi, ila nyuma yake kuna miaka ya watu kujaza fomu.

Pesa inavyopatikana: tangazo linatoka Ulaya au Marekani, unaandika andiko kwa Kiingereza kurasa nyingi, mnashindana dunia nzima. Ukipata unapewa miaka mitatu hadi mitano. Unaomba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, unaajiri wauguzi, unawafundisha, wanaiva. Mradi unaisha, wanatawanyika, mmoja namjua anauza mitumba Karume. Na mwezi Mei 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ikatangaza kusimamisha ule utaratibu wa chuo chao kupokea ruzuku na kuimegea taasisi ya nje. Mtu analala ana mradi, anaamka ana kiporo.

#26 Mzee wa Hoja
Na yetu iko wapi? Mwaka 2010 tuliambiwa asilimia moja ya pato la taifa itakwenda kwenye utafiti. Azimio la Abuja 2001, asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mimi nazikumbuka ahadi zote, ndiyo maana nyumbani hawanipendi.

#27 Damu na Darubini
#26 COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wana mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, upo na unatoa. Ila weka mizani sawa: fedha ya umma ikigombaniwa na barabara ya Kibada na jokofu la sampuli, mbunge atasimamia ipi?

#28 Mjomba Kigamboni
Barabara ya Kibada usiiguse.

#29 Mwalimu wa Bios
Naongeza kwa #25, utafiti mkubwa uliwahi kufanyika kwetu kwa pesa ya njugu. Yule daktari Mwingereza aliyekuwa hapa Dar akaona watoto wenye uvimbe wa taya, Burkitt, alizunguka na gari tu, ikaja kugundulika ni saratani na mpaka kirusi chake.

#30 Sista Mstaafu
Mwalimu hapo umekoroga kidogo. Denis Burkitt alikuwa Mulago, Kampala, na alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Alikuwa na jicho moja, jingine lilipotea utotoni. Aliandika kuhusu uvimbe ule 1958, na safari ya gari ndefu ya maili kama elfu kumi ilikuwa 1961, hapo ndipo alipopita na kwetu Tanganyika akiuliza hospitali kwa hospitali, mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Kirusi walikiona wengine London mwaka 1964, kwenye vinyama alivyopeleka yeye. Na dawa zilizoyeyusha uvimbe wa watoto wale wa Afrika Mashariki ziliwapa moyo waliokuwa wanahangaika na saratani nyingine huko kwao. Kwa hiyo deni lipo, ila upande wa pili.

#31 Mwalimu wa Bios
Nakubali sahihisho sista. Ila hoja yangu ya njugu imesimama.

#32 Damu na Darubini
Imesimama mguu mmoja mwalimu. Siku hizi ukisafiri na sampuli za watoto kwenye buti la gari bila kibali utalala ndani.

#33 Mchunguzi Huru
Kuna kitu hamkisemi. Boston, Marekani, 1948 daktari Sidney Farber alikuwa anajaribu dawa za saratani ya damu kwa watoto. Wakamweka redioni mtoto mgonjwa, wakamwita Jimmy ingawa si jina lake, wachezaji besiboli wakaenda kitandani kwake, wananchi wakatuma hela. Hela ile haikumtibu Jimmy peke yake, ilijenga mfuko wa utafiti uliopo mpaka leo. Kumbe picha ya mtoto mmoja inaweza kulipia daftari! Shida yetu tukimaliza kumchangia mtoto tunafunga grupu.

#34 Mlezi wa Wodi
#33 hapo umesema. Na hospitali ya watoto ya St. Jude ya Memphis, Marekani, vilevile, ilianzishwa 1962 na mchekeshaji, Danny Thomas, familia haipelekewi bili, na hospitali hiyohiyo ndiyo maabara. Walipofungua, saratani ya damu ya kawaida ya watoto walipona kama 4 kati ya 100, sasa kwao wanafika 94. Hao hao na Shirika la Afya Duniani walitangaza 2021 mpango wa kutoa dawa za saratani za watoto bure kwa nchi zetu, dola milioni 200. Kwa hiyo anayesema utafiti hauna faida kwa mtoto aliyelazwa leo, dawa anayotundikiwa imetoka wapi?

#35 Anti Zuhura
Mchekeshaji alijenga hospitali. Wa kwetu wanatangaza sabuni.

#36 Mkeka Tayari
Mimi sikubali hiyo ya Jimmy. Kumweka mtoto mgonjwa redioni kwa jina la bandia ili kuchuma hela, leo mngeita nini? Mdogo wangu alizaliwa na kichwa kikubwa, maji kichwani, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wakamwekea mrija, sasa yuko sekondari. Picha yake ya uchanga bado inazunguka mitandaoni, wenzake waliiona wakamcheka. Anasema afadhali wasingemchangia. Mama anamjibu, usingekuwepo wa kusema hivyo. Wote naona wana haki.

#37 Ustadhi wa Ilala
Sitara ni bora. Toeni kwa ofisi ya hospitali, mtoto asitembezwe.

#38 Mchunguzi Huru
#37 ofisi ya hospitali haina sura, haiombi kwa sauti, na hakuna atakayetoa. Tunazunguka palepale.

#39 Karani wa Bima
Ila zipo njia za katikati. Mbio za CRDB tangu 2020 zimekuwa zikichangia upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI. Unakimbia, unapata fulana na medali, hakuna mtoto aliyeanikwa.

#40 Fundi Saa
Sema unalipia fulana. Turudi kwenye pilau la Anti.

#41 Sista Mstaafu
Fulana au pilau, mtoto kazibwa tundu. Niongeze la kambi. JKCI hupokea timu za nje, mfano Save a Child's Heart ya Israel na Muntada Aid ya Uingereza, wanakuja na vifaa, wanapasua pamoja na madaktari wetu kwa siku kadhaa. Hao wa Israel walianza 1995 kwa kuwabeba watoto kwenda kwao Holon, na wa kwetu wengi walitoka Zanzibar. Baadaye wakamsomesha Dk. Godwin Godfrey upasuaji wa moyo wa watoto, akarudi. Mimi ukiniuliza pesa ipi ilitumika vizuri zaidi, ya tiketi za watoto au ya ada ya daktari mmoja, ningesema ada. Ila mama ambaye mtoto wake alipanda ndege ile atanipiga na kiatu.

Kobe, kambi hazisubiri. Anayeitwa ni yule ambaye faili lake limekamilika, vipimo vipo, namba ya simu inapatikana. Mama awe na simu isiyozimwa chaji. Hiyo nayo itoke kwenye laki saba.

#42 Mzee wa Hoja
Na viatu vibovu siku ya ustawi.

#43 Kobe wa Rangi Tatu
Wakuu nimerudi na mrejesho. Wiki mbili sikuonekana kwa sababu nilikuwa kwenye mabenchi.

Rufaa tuliipata siku ya tatu. JKCI tumefika, eko imerudiwa. Daktari, binti mdogo kabisa, ametuchorea moyo nyuma ya karatasi ya miadi, akaonyesha tundu lilipo. Kubwa kiasi, mapafu bado hayajaharibika, asisubirishwe. Hakuna India. Dawa za kupunguza maji ameanza, na kwa mara ya kwanza kanyonya bila kutoa jasho, mama analia, mimi najifanya natazama simu.

Ustawi wametuhoji. Sehemu wamesamehe, sehemu wanatafuta mfadhili, jina limeingia kwenye orodha. Uzito unatakiwa upande kidogo kwanza, kwa hiyo hela ya kwanza niliyotoa kwenye mchango ni ya maziwa, mayai na karanga. Nikaweka risiti kwenye grupu. Watu wanne wamejitoa, wanasema wao walichangia moyo, hawakuchangia mayai.

#44 Anti Zuhura
Hahahaa! Walichangia moyo hawakuchangia mayai. Waambie moyo unakula.

#45 Mama Wawili
Alhamdulillahi. Yule mjuaji wa India anasemaje?

#46 Kobe wa Rangi Tatu
#45 anasema yeye ndiye aliyetuelekeza Upanga.

Kuna jambo la kuwauliza #25 na wenzako. Wakati tunasubiri, kaja kijana na karatasi, anaomba mtoto awekwe kwenye utafiti wao, wanafuatilia watoto wenye matatizo ya moyo, damu kidogo na maswali. Mama kaniangalia mimi. Kasema si lazima, akikataa matibabu yako palepale. Mama anaogopa damu itauzwa. Nimwambieje?

#47 Bwashee wa Tandika
Damu haijawahi kuuzwa kitu cha maana, mimi nimejaribu.

#48 Damu na Darubini
#46 usimwambie akubali wala akatae. Mwambie aulize vitu hivi: damu kiasi gani, inakaa wapi, inakwenda nje ya nchi au haiendi, nani atamletea majibu, na namba ya kamati ya maadili iko wapi kwenye hiyo karatasi. Karatasi lazima iwe ya Kiswahili na nakala abaki nayo. Kijana akijibu bila kukasirika, mradi huenda ni mzuri. Na ana haki ya kujitoa hata mwakani.

Na aulize kama wanarudisha nauli siku ya kuja. Wengi tunaweka kwenye bajeti, mama wengi hawaulizi.

#49 Mzee wa Hoja
Kumbe swali la pili la mleta uzi limejibiwa na kijana mwenye karatasi. Anaomba mchango wa utafiti, na anayeombwa ni mama muuza vitumbua.

#50 Mkeka Tayari
#49 na damu yenyewe ya mtoto. Mimi hapo bado sijaelewa nani anamsaidia nani.

#51 Damu na Darubini
Swali halali hilo mkuu. Tunalibishania ofisini pia.

#52 Mgeni Leo
Salaam, sijasoma zote. Mtoto ana tundu au ana sikoseli? Na ile mia tano, mwenyewe alipatikana?

#53 Fundi Saa
Mia tano ni yangu, nilikosea kutuma.

#54 Anti Zuhura
Muongo, ni ya kwangu.

#55 Kobe wa Rangi Tatu
Mpaka sasa mmefika watatu, mmoja kanifuata pembeni na yeye anadai ni yake. #52 ni tundu. Mama kasaini ile karatasi jana baada ya kuuliza maswali yote ya #48, kijana alijibu, ila la majibu kuletwa kasema atauliza wakubwa zake. Nauli kumbe wanarudisha. Miadi mingine Jumanne, saa kumi na moja alfajiri tunatoka Rangi Tatu. Salio la mchango 391,000, na vitumbua jumatatu hadi ijumaa anapika dada yake, vimeanza kuungua kidogo lakini tunanunua.